Ndiyo, Hapana, Ghairi

Kila nikifunga waraka, kinatoka.
Kijivu, kidogo, katikati ya kioo,
kama mpangaji aliyehama anayerudia kofia yake:
*Kuna mabadiliko kwenye kiolezo kikuu.
Uyahifadhi?*
Ndiyo. Hapana. Ghairi.

Mimi sijabadilisha kitu.
Nimepiga chapa barua ya Kombo wa Kipangani
anayeomba ruhusa ya kukata msufi ulioegemea nyaya,
nimeweka nukta, nimetoa nakala mbili,
mia tano kwa ukurasa,
nikafunga.
Kikatoka.

Nilijibu Ndiyo, nione. Kesho yake kikarudi.
Nikajibu Hapana, kwa adabu. Kikarudi.
Nikabonyeza Ghairi, na waraka wenyewe ukagoma kufungika,
ukabaki kunikodolea
kama mtoto aliyetumwa dukani bila kupewa pesa.

Siku ya kumi na moja nikakijibu kwa mdomo:
"Yakhe, nimebadilisha nini? Nionyeshe!"
Wateja wawili kwenye benchi wakatazamana.
Mmoja akasoma kimyakimya, akajipulizia kifuani.

Nilizima, nikawasha.
Nikaing'oa programu nzima, nikairudisha;
bando la wiki likaisha saa nne asubuhi.
Shaame wa duka la simu akaja,
akala urojo wangu, akasema ni virusi.
Akasaka virusi mpaka adhuhuri, hakuna hata kimoja.
Basi ni umeme, akasema.
Wete hapa, lisilojulikana ni umeme.

Ni Asaa, wa kidato cha tatu, anayekuja kujifunza kuchapa,
aliyeuliza swali la kitoto:
"Hiki kiolezo, nani mwengine anakigusa?"

Tukaifungua programu ikiwa tupu, bila nyongeza zake.
Tukafunga. Kimya.
Tukarudisha nyongeza ya kwanza. Kimya.
Ya pili, kimya.
Ya tatu:
huyo hapo.

Printa.
Ile printa pana aliyoileta Maalim Faki kutoka Muscat,
iliyokufa zamani na sasa imelala stoo
chini ya gunia la unga,
panya wamezaa kwenye trei ya karatasi.
Yenyewe imekufa, lakini kijiprogramu chake kilibaki ndani,
na kila asubuhi kikiamka,
kikaingia kwenye kiolezo changu,
kikajipachikia kitufe chake juu ya ukurasa,
kikangoja kutumwa.
Hayo ndiyo mabadiliko.
Mtumishi hajaambiwa kuwa bwana amezikwa.

Asaa akaondoa alama ya vema.
Nikafunga. Nikafungua, nikafunga tena.
Hakuna aliyeniuliza kitu.
Nilidhani nitafurahi zaidi.

Tatizo ni mkono.
Miezi miwili mkono wangu ulikuwa na neno moja.

Alhamisi akaja Bi Mwache, na mirathi ya babake
inayotakiwa kwa kadhi Jumatatu.
Alinitajia saa nzima: nyumba ya Limbani, cherehani,
ng'ombe na ndama wake, deni la bati,
mikarafuu ya Mtambwe, kumi na saba.
Nikachapa. Nikafunga ili nichukue karatasi.
Kikatoka kidirisha kingine, cha haki, chenye kazi yake:
*Uhifadhi mabadiliko ya waraka huu?*
Kidole kikasema Hapana
kabla jicho halijafika kwenye alama ya kuuliza.

Sikumficha.
Alinitazama muda, akavua viatu tena, akaketi.
"Andika."

Nyumba ya Limbani. Cherehani. Ng'ombe na ndama.
Deni la bati.
Mikarafuu ya Mtambwe, kumi na tisa.

Vidole vikasimama.
"Ile miwili," akasema, akiutazama ukuta,
"mwanzo nilimwachia kaka."

Nikaandika kumi na tisa.
Kioo kikauliza.
Safari hii nilisoma kwa sauti, neno kwa neno,
mabadiliko, uhifadhi,
nikamgeuzia yeye.

Bi Mwache akafunga fundo kwenye pindo la kanga,
akalifungua.
"Hifadhi," akasema.
Kisha: "Ngoja."